Kuku akianza kulalia, mzuge kwanza asubiri wenzake

Mwaka wa kwanza nafuga kuku wa kienyeji hapa nyuma ya nyumba, Kihonda Morogoro, nilikuwa na mitetea 6 na jogoo mmoja, na niliamini kabisa kwamba kuku anajua kila kitu mwenyewe, yani we kazi yako ni kumwaga pumba asubuhi na kufunga banda jioni. Mtetea akianza kulalia namwacha hapohapo alipotagia. Kumbe wale wengine nao wanaendelea kutaga kwenye kiota hichohicho, kila siku yai linaongezeka chini yake, mpaka akawa na mayai 19 ya umri tofauti tofauti. Siku ya 21 vikatoka vifaranga 5, kesho yake mama akashuka navyo akaenda zake kuchakura, yale 14 yakabaki yanapoa. Jioni nikaanza kuyapasua moja moja. La tatu lilikuwa na kifaranga kamili, manyoya yote yameshaota, kidomo kimeelekea kwenye ganda tayari kugonga, na nilipokigusa tumboni kilikuwa na ka-joto bado ila hakipumui. Niliumia sana jamani. Siku moja tu ndo ilikuwa imebaki.

Kuna mama mmoja jirani, mtu mzima, amefuga kuku tangu yuko kwao Singida. Nikaenda nikamwamkia nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, kuku wa kwanza mzuge, asubiri wenzie, wote walale siku moja." Hilo neno ndo limebadilisha ufugaji wangu wote, na ndo nataka nikuelezee vizuri maana naona watu wengi wanakimbilia kununua inkubeta, ile mashine ya kutotolea mayai, na umeme wenyewe unakatika wakati kuku wa kulalia wanao bandani.

Iko hivi. Kila siku okota mayai, usiyaache kiotani. Yaandike tarehe kwa penseli, yapange kwenye trei ile ncha nyembamba iangalie chini, weka sehemu yenye ubaridi, mi naweka chini ya kabati la jikoni pembeni na jiko kabisa. Yai lililokaa zaidi ya siku 10 mi nakula, siliwekei kuku, maana kadiri linavyokaa ndo uwezo wa kutotoa unavyopungua. Yai kubwa kupita kiasi, dogo sana, lenye ufa, au umbo la ajabu ajabu, hilo nalo peleka kwenye chapati.

Sasa mtetea wa kwanza akionyesha dalili, yani usiku unamkuta bado yuko kiotani, ukimsogelea anajitutumua manyoya na kunguruma, bonge la kinyesi chake ni kubwa linanuka, tumbo lina joto na amejinyonyoa, huyo mpe mayai mawili ya kuzugia. Chukua hata mayai viza au yale ya zamani, yachore duara lizunguke yai zima ili usije ukayachanganya. Atalalia hayohayo akiamini ana kazi. Wa pili akianza mfanyie hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Kwangu wa kwanza aliwahi kusubiri siku 9, nisingependa kuzidi hapo sana maana kuku akilalia hali vizuri na anakonda, na bado ana siku 21 za ukweli mbele yake. Wakifika watatu au wanne, subiri giza liingie, toa mayai ya kuzugia, ingiza mazuri, 10 mpaka 12 kwa kila kuku kutegemea mwili wake. Fanya usiku, kwa upole, bila kelele za watoto. Na kila mmoja awe na kiota chake, kwenye kona yenye giza, mbali na wanaotaga, la sivyo ile hadithi ya mayai 19 inarudi.

Kiota chenyewe si lazima fundi. Beseni lililopasuka linatosha, weka mchanga chini, juu nyasi kavu, bonyeza katikati liwe kama bakuli mayai yasibiringike pembeni. Lakini hapa kwenye kiota kuna adui ambaye watu wanamdharau, utitiri. Mwaka juzi kuku wangu mzuri kuliko wote, ambaye hajawahi kuniangusha, siku ya 15 akashuka akagoma kurudi. Nikadhani ni jeuri, nikaingiza mkono kupapasa mayai, mkono ukatoka unatembea, vidudu vidogo kama chembe za vumbi jekundu mpaka kwenye kiwiko. Yule kuku alikuwa ananyonywa damu kila usiku na bado alivumilia siku 15! Tangu hapo kabla sijamlalisha kuku yeyote nampaka dawa ya unga kutoka duka la dawa za mifugo chini ya mbawa na sehemu ya nyuma, nyasi za zamani nachoma, na kwenye mchanga nachanganya majivu na majani makavu ya tumbaku. Wiki moja kabla, sio siku ileile.

Kuku akiwa analalia mpe chakula na maji karibu, ila sio kumwekea mdomoni kiotani, lazima ashuke anyooshe miguu na ajisaidie. Mwingine ni mgumu hashuki kabisa, huyo mtoe mwenyewe mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20 zinatosha, usiogope mayai hayatapoa.

Siku ya 7 pima. Usiku chukua tochi ya simu, lile bomba la boksi linalobaki toilet pepa ikiisha lisimamishe juu ya tochi, kisha yai liweke juu na ule upande mnene uangalie mwanga. Yai zuri utaona mishipa ya damu imetawanyika kama mizizi na kidoti cheusi katikati. Likiwa limeng'aa lote kama taa, hilo halikuwa na mbegu, toa. Likiwa na duara la damu bila mishipa, kimekufa, toa pia kabla halijapasukia wenzake. Hapa ndo faida ya kulalisha siku moja inaanza kuonekana, ukitoa mabovu ya kuku wote wanne mara nyingi yaliyobaki yanaenea kwa watatu, na wa nne unampa mapya au unamwachia apumzike arudi kutaga.

Kuanzia siku ya 18 usiguse. Ganda likishatobolewa kifaranga kinaweza kuchukua masaa mengi, hata siku nzima, kujitoa. Najua mkono unawasha, unataka umsaidie, usifanye hivyo, damu ya kwenye ile ngozi ya ndani inakuwa bado haijarudi mwilini na ukivuta tu kinavuja kinakufa mikononi mwako.

Vikikauka, usiku uleule vigawe. Mama mmoja mwenye mwili mkubwa analea vifaranga 20 hadi 25 kipindi cha joto, masika na ile baridi ya Juni na Julai mi simpi zaidi ya 15 maana hawatoshi wote chini ya mbawa. Waliobaki bila watoto wafungie sehemu nyingine siku kadhaa wasisikie vilio, wakila vizuri wanarudi kutaga mapema kuliko aliyeachiwa vifaranga miezi mitatu.

Maji weka kwenye kisahani chenye vijiwe visije vikazama. Chakula, stata ya dukani, yani chakula cha vifaranga, ukiweza, kama hela hakuna twanga mahindi laini na dagaa, na mchwa ukiwapata hapo umemaliza. Wiki za mwanzo mchana navifunika na tenga kubwa, mama nje au ndani, kwa sababu mwewe wa huku hana aibu hata kidogo, anashuka mpaka mlangoni.

Halafu chanjo ya ugonjwa wa mdondo, wengine wanaita kideri. Hii usiniambie utafanya kesho. Mi natumia chanjo inayoitwa I-2, tone moja jicho moja, na narudia kila baada ya miezi 3 banda zima. Vifaranga vikiwa umri mmoja unachanja vyote siku moja, na kwa kuwa kichupa kimoja kina matone mengi kuliko kuku wangu, tunachanga majirani watatu tunakwenda nyumba kwa nyumba asubuhi moja.

Na kama humtaki alalie? Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji, ni kumtesa tu. Mweke kwenye tenga lililoning'inizwa, hewa ipite chini ya tumbo, na chakula na maji, siku 3 au 4 anaacha.

Sasa hivi nina wanne wamelala toka Jumamosi, mayai 44, kalenda ya ukutani nimeizungushia wino mwekundu. Keshokutwa usiku ndo siku ya 7, bomba la toilet pepa nimeshaliweka pembeni.