Jibu: Pampu inaweza kupunja hata namba zikisoma sawa?

Mkuu, umeuliza kama pampu ya mafuta inaweza kukupunja huku namba kwenye kioo zinasoma vizuri. Inaweza. Kioo kinaonyesha tu kile mita ilichohesabu.

Ndani kuna mita ya pistoni. Mafuta yanazisukuma pistoni, nazo zinazungusha mhimili, na kila mzunguko ni ujazo uleule. Mhimili umeunganishwa na kifaa kinachotoa mipigo ya umeme. Kompyuta ya pampu inaihesabu na kuzidisha kwa bei. Wengi hawajui hili: mita ikichakaa, mara nyingi anayeumia ni mwenye kituo, maana mafuta hupenya pembeni ya pistoni bila kuhesabiwa. Mteja anapunjwa hasa pale sehemu ya kurekebishia mita inapochezewa. Ndiyo maana hufungwa kwa waya na lakiri, na kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. Waya ukikatika, mimi siweki mafuta hapo.

Kupima kama pampu iko sawa, wakaguzi wanatumia ndoo ya chuma ya lita 20 yenye shingo nyembamba. Huloweshwa kwanza kwa mafuta, ikamwagwa na kuachwa matone yaishe, kisha ndipo inajazwa na kusomwa shingoni. Kiwango cha kimataifa, OIML R 117, kinaruhusu kosa la asilimia 0.5, yaani mililita 100 kwa ndoo hiyo.

Chimbuko la pampu hizi uliloulizia ni Fort Wayne, Marekani: Sylvanus Bowser aliuza ya kwanza mwaka 1885, ya mafuta ya taa.