Fundi, msumari uko kwa tairi, niuchomoe?

SWALI: Habari fundi. Niko na Land Rover Defender ya kitambo, wikendi tulishuka Magadi na watoto na tangu turudi tairi ya nyuma kulia kila asubuhi naipata imelala kidogo. Nimeona kichwa cha msumari katikati ya meno. Jirani ako na vifaa vya kuweka plagi (zile kamba za mpira za kuziba shimo la tairi), lakini kijana wa pancha hapa steji anasema tutie tyubu ndani tumalize mambo. Mimi nataka kujitengenezea hapa nyumbani, nianze kwa kuuchomoa? – Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Wacha huo msumari hapo hapo ndugu yangu! Saa hii ndio unazuia upepo. Mimi niliwahi kuchomoa wangu Jumamosi jioni, kiherehere tu, halafu nafungua boksi napata plagi zimekaa kwa buti miaka na jua limezikausha zimekuwa ngumu kama nyama ya juzi, nikalala na gari limekaa kwa rimu na spea yenyewe haikuwa na upepo. Kwa hivyo kwanza bonyeza plagi za jirani, ziwe laini na zinanata, na hakikisha pampu inafanya kazi.

Halafu angalia kama hiyo tairi ni tubeless kweli, yaani haina tyubu ndani, maana baadhi ya rimu za chuma za Land Rover za zamani zilitengenezwa kutumia tyubu. Soma ubavu wa tairi, kisha sukuma valvu na kidole: ya tubeless imebana kwa rimu, ya tyubu inacheza na kuingia ndani. Kama kuna tyubu plagi haisaidii kitu, shimo liko kwa tyubu, toa tairi uizibe kwa kiraka. Lakini kama ni tubeless nzima, huyo kijana mwambie asante. Tyubu ndani ya tairi ya tubeless inasuguana na kupata joto barabarani, na kama mlikanyaga pia mwiba wa mgunga huko Magadi na ncha yake imebaki ndani, hiyo tyubu mpya itatobolewa kabla hujafika Kiserian.

Sasa jeki. Hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu handibreki ya Defender za zamani haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwa giaboksi, ukiinua gurudumu moja la nyuma gari linaweza kubiringika ata kama umevuta handibreki mpaka mwisho. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, legeza nati kabla ya kuinua, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na kama msumari uko mahali mkono unafika, sogeza gari mpaka huo msumari uwe juu au kando, hakuna haja ya kutoa gurudumu.

Jaza upepo kiasi, tairi iliyolala kabisa inabonyea ukisukuma sindano. Paka maji ya sabuni tairi yote, isije ikawa kuna tundu lingine. Angalia msumari umeingia kwa pembe gani, ndio uchomoe na koleo. Chukua ile sindano ya meno kama tupa, ipitishe kwa pembe ile ile, ingia toka ingia toka, na hapa utatoa jasho kwa sababu tairi za porini ni nene na kuna nyaya za chuma ndani, wengi wanachokea hapa wanaacha shimo dogo halafu plagi inakataa kuingia wanalaumu plagi. Pitisha plagi kwa tundu la sindano ya pili mpaka nusu, paka solusheni, sukuma mpaka ibaki kama sentimita 2 nje, kisha vuta sindano kwa ghafla bila kuizungusha. Kata ncha, jaza upepo kulingana na kibandiko cha gari, paka sabuni tena. Mapovu yakitoka ongeza plagi ya pili.

Hiyo kazi ni ya kati ya meno pekee, na shimo lisizidi milimita 6. Ubavuni hapana, ata kama mtu atakuapia, ubavu unajikunja kila mzunguko na plagi itatoka ukiwa kwa kasi. Na ata hiyo yako ikishika vizuri, wiki hii peleka wakaitoe kwa rimu, waangalie ndani na waweke kiraka cha ndani. Kama ulitoa gurudumu, nati kaza kwa kuvuka, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, uzikaze tena baada ya kama kilomita 80.

SWALI: Na ile dawa ya kumwaga ndani kwa valvu, si ni rahisi kuliko hii kazi yote? – Msomaji, Embakasi

JIBU: Ni rahisi, na usiku barabarani Namanga ningeitumia bila aibu. Ila inaziba vitundu vidogo tu, na ikikaa inaacha uchafu ndani mpaka kiraka kikatae kushika. Ukiitumia mwambie fundi kabla hajafungua tairi, la sivyo itamrukia kwa shati na bei itapanda hapo hapo.