Mwandishi, kabla hujachukua fomu ya ubunge

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa vyumba vya habari hunitafuta. Wanataka kutia nia. Wanajua niliripoti Bunge pale Dodoma, kisha nikaacha kalamu na kumsaidia mwandishi mwenzangu kugombea jimbo. Alipita, nami nikakaa ofisini kwake muhula mzima. Basi haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, jina lako la hewani halipigi kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea. Wajumbe ndio wanaopiga, na wengi wao wanamjua zaidi aliyekuwa nao kwenye vikao vya kata kuliko wewe wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ibara ya 67 ya Katiba yetu ya Tanzania inataka mgombea ubunge apendekezwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi, asiye na chama, kunakiuka haki, lakini mlango haujafunguliwa. Wakenya wanao. Mohammed Ali, mwandishi wa kipindi cha uchunguzi cha Jicho Pevu, aliukataa mchujo wa chama cha ODM mwaka 2017, akasimama Nyali kama mgombea binafsi na akashinda. 2022 akarudi bungeni kwa tiketi ya chama cha UDA. Kijana aliye Mwanza asiige njia hiyo.

Pili, ukishaamua, mwambie mhariri wako na uache kuripoti siasa siku hiyohiyo. Ukichelewa, kila habari uliyoandika juu ya mbunge aliyepo itasomwa upya kama kampeni, na wenzako kwenye dawati ndio watakaobeba aibu hiyo.

Sasa kazi yenyewe, ambayo wengi hawaniulizi. Ripota humdaka waziri mlangoni akamuuliza atakalo. Mbunge huandika swali lake mapema, hupangiwa siku, na waziri huja na jibu lililoandaliwa na wataalamu wake. Baada ya hapo una maswali mawili ya nyongeza tu. Hapa ndipo uandishi wako unapolipa, ukijua kuutumia. Tulikuwa tunaandika swali la msingi kwa upole kabisa: ujenzi wa barabara hii utaanza lini, kiasi gani kimetengwa, kiasi gani kimeshatolewa. Waziri akishasoma jibu, tarehe na fedha zimeingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na swali la nyongeza ndilo linalouma. Wabunge wengi hufanya kinyume: wanapakia hasira yote kwenye swali la msingi, nyongeza wanaishia kupongeza Serikali.

Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, nazo zinamfaa mtu aliyezoea kusoma nyaraka nene usiku mmoja. Kanuni za Bunge zisome kabla ya kuapa. Mtu asiyejua tofauti ya kuomba mwongozo wa Spika na kumpa taarifa mbunge anayezungumza huketishwa haraka, tena mbele ya waandishi wanaomjua, ambao hawatamwonea huruma. (Nilikuwa mmoja wao. Tulicheka.)

Usidhani kiti kitalinda gazeti lako. Saed Kubenea alimwagiwa kemikali ofisini kwake mwaka 2008, na gazeti lake la MwanaHALISI likafungiwa 2012. Aliingia bungeni 2015 kupitia chama cha upinzani, CHADEMA, jimbo la Ubungo. Septemba 2017, akiwa mbunge, MwanaHALISI likafungiwa tena, miaka miwili. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipitishwa na Bunge hilohilo alilokuwamo. Kura moja ya upinzani haina uzito ambao makala moja nzuri inaweza kuwa nao, na hilo lipime kabla ya kuhama.

Mtanitajia Mkapa, mwandishi aliyefika hadi urais, najua. Alihariri magazeti ya Chama na Serikali, akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere, akaiongoza Shihata, shirika la habari la taifa, ilipoanzishwa 1976, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Lakini huyo aliteuliwa. Jimbo la Nanyumbu lilikuja 1985, akiwa tayari mtu mzito. Wewe unaanza na kuomba.

Na jimboni hakuna anayejali habari uliyoifichua. Watu wanakuja alfajiri na cheti cha hospitali, ada ya mtoto, msiba. Ukiwa ripota uliwasikiliza, ukaandika, ukaondoka. Sasa wanarudi Jumatatu kuuliza umefikia wapi.

Kwa hiyo anayenipigia simu humwelekeza kwanza kwenye baraza la madiwani la halmashauri yake. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo, na zahanati nyingi anazoahidi majukwaani hupangwa humo. Ahudhurie vikao vichache mpaka mwisho, bila kuandika habari yoyote. Akiboreka kufikia saa sita, abaki gazetini.