Re: Mnasoma kitabu gani saa hizi? Mi nikishika kitabu nalala

Mdogo wangu umeuliza tunasoma nini na umesema kila ukishika riwaya kurasa tano tu usingizi. Mi saa hizi niko na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, mzee wetu wa Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe 1945 kikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980, fikiria miaka 35 anasubiri! Ni kinene kweli usiogope, mtu na mkewe hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, jamaa anaenda kumbembeleza na kutafuta pombe ya ndizi ya kuwalipa, aisee wanavyopendana wale watu mpaka raha. Nakisomaga kwenye feri ya kwenda Nansio, simu nazima kabisa naweka kwenye begi, nikishuka nishakula kurasa kibao na usingizi sijauona.

We usisomee kitandani, hapo ndo unapokosea. Na kama hicho kirefu anza na Rosa Mistika ya Kezilahabi, naye wa hukohuko Ukerewe, fupi ila inauma. Ukifika katikati njoo uniambie basi.