Usitoke kwa daktari kabla faili halijataja kazi yako

Dada, simama kwanza hapo. Umeuliza utalipwa kiasi gani, kama utahitaji wakili, na kama kudai fidia ya mkono uliougua kwa kushona kiwandani kutaharibu mkataba wako. Halafu katikati umeandika kwamba kesho unakwenda hospitali, na afisa utumishi amekushauri usimtajie daktari mambo ya kiwandani, useme tu mkono unauma. Hilo ndilo litakalokumaliza.

Nimeshona suruali za jinzi kiwandani hapa Dar kwa miaka, upande wa overloki, cherehani ya kufunga kingo za kitambaa. Vidole vikaanza kufa ganzi: gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kizima kabisa. Usiku naamka nakung'uta mkono hadi damu irudi. Nikapewa ushauri huo huo uliopewa wewe, nikaufuata. Daktari akaandika "maumivu ya mkono wa kulia", dawa za kutuliza, apumzike. Kila nikirudi, maneno ni yale yale. Faili zima halina neno cherehani.

Nilipopeleka madai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, faili hilo ndilo lililonikana. Ajali ina tarehe, ina damu, ina mashahidi. Ugonjwa wetu huu wa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, shahidi wake ni maandishi ya daktari. Mwajiri akasema mkono nimeuumiza nyumbani kwa kufua, nami sina karatasi ya kumjibu. Eksirei zilikuwa zimetoka "mifupa salama", nazo akazitumia dhidi yangu, wakati eksirei haiwezi kuonyesha neva iliyobanwa! Na yule afisa mwenye sauti ya upole ndiye aliyesaini barua kwamba kiwanda hakikuwahi kupata taarifa ya kuumwa kwangu. Mtu wa namna hiyo akikwambia kumekucha, chungulia dirishani kwanza.

Wala humwibii bosi. Mfuko unachangiwa na mwajiri, mshahara wako haukatwi hata senti.

Kwa hiyo kesho usimwambie daktari "nashona" ukanyamaza. Mwonyeshe kwa mikono: unavyosukuma kitambaa, kiganja kinavyopinda, pindo moja linachukua sekunde ngapi na kwa zamu yanapita mangapi. Mwambie ganzi ilianza lini, na kama ukiwa likizo hupungua. Hilo la likizo asiliache, linabeba uzito mkubwa. Akukunjishe viganja kwa dakika moja aone kama ganzi inakuja, aandike alichokiona. Omba rufaa ya kipimo cha neva. Akupime na kisukari, akuulize kama una ujauzito, maana navyo huleta ganzi hiyo hiyo. Ikiandikwa kwamba havipo, mwajiri hana pa kukimbilia. Kisha aandike jina la ugonjwa na maoni yake kwamba umetokana na kazi. Akisita, mkumbushe kwamba orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya 2010 inautaja ugonjwa huu, kwa Kiingereza carpal tunnel syndrome, unapotokana na kazi za kurudiarudia zinazotumia nguvu.

Kabla hujainuka, soma alichoandika. Ukikuta "maumivu ya mkono" peke yake, kaa hapo hapo kwenye kiti mpaka aongeze. Toa nakala, na taarifa kwa mwajiri iwe ya maandishi yenye muhuri wa kupokelewa. Madai yana ukomo wa miezi 12 tangu ugonjwa utambuliwe.

Mambo ya wakili na kiasi tutayaongea ukishaishika hiyo karatasi.