Presha ya asubuhi, zamu ya usiku na vidonge vya vitamini

Dokta, nikipima presha asubuhi iko juu, jioni imeshuka. Mashine ni mbovu?

Yaelekea ni nzima. Ukilala, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, kisha hupanda unapoamka. Saa kuu ya mwili iko ndani ya ubongo na hurekebishwa na mwanga wa asubuhi, lakini kuta za mishipa nazo zina saa zake. Alfajiri homoni za kuamsha mwili hupanda, mishipa hukaza na damu huganda kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Pima asubuhi na jioni, ukiwa umekaa kimya dakika 5, kabla ya chai na dawa. Andika namba zote, hata zisizokupendeza.

Shikamoo dokta. Nalinda geti usiku, wiki inayofuata nabadilishiwa zamu ya mchana. Nasikia mishipa inaharibika.

Marahaba. Zamu za usiku za miaka mingi zimehusishwa na maradhi ya moyo, ingawa si kila mlinzi yatampata. Iko hivi: utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya nitriki oksidi, inayoulegeza mshipa ili damu ipite. Seli nazo, zinapotumia chakula, huzalisha chembe kali za oksijeni. Mwili una vimeng'enya vya kuzituliza, na saa yake ndiyo husaidia kuvipangia kazi. Saa ikivurugika, chembe zile hulundikana na kuila nitriki oksidi, mshipa ukabaki umekaza. Baya zaidi, kimeng'enya kilichokuwa kikitengeneza gesi hiyo huharibika, kikaanza kuzalisha chembe zilezile. Mimi hapo ndipo panaponitisha.

Kugeuzwa kila wiki ndiko kunakokuumiza, maana mwili hauwahi kuzoea. Mwombe msimamizi wako zamu ya kudumu kwa muda mrefu kidogo. Ukirudi, funika dirisha kwa pazia zito, simu iache sebuleni. Wali wa saa 8 usiku uache. Kula kabla ya kuingia zamu.

Basi nikinywa vitamini E si itazimaliza hizo chembe?

Wengi walidhani hivyo. Katika utafiti wa HOPE, uliochapishwa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa takriban miaka minne na nusu. Waliopewa vitamini E hawakupata nafuu yoyote ya moyo kuliko waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Hela hiyo nunulia mchicha.

Dawa ya presha ninywe asubuhi au usiku?

Uingereza walilinganisha watu zaidi ya 21,000 katika utafiti wa TIME, matokeo yakatoka 2022: hakuna tofauti kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Chagua saa ambayo hutasahau. Ila kama ni ile ya kukojoza, inywe asubuhi, usije ukakesha njiani kwenda chooni.