Jicho la mama lisisubiri salfa ipite

Dada wa Newala, pole. Unasema mama alipasuliwa presha ya macho mwaka juzi, na tangu jana jicho lilelile ni jekundu, linauma, lina tongotongo. Nyumbani mnasema ni vumbi la salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Salfa huwasha macho kweli, lakini kwa jicho hili usikubali jibu hilo.

Katika upasuaji ule daktari hufungua kinjia cha kutoa maji ndani ya jicho, na chini ya kope la juu hubaki kama lengelenge dogo lenye ngozi nyembamba mno. Bakteria wakipenya hapo, hata baada ya miaka, usaha unaweza kuingia ndani na jicho kupofuka kwa siku chache tu. Mwambie atazame chini, mwinulie kope bila kubonyeza: lengelenge likiwa jeupe kama maziwa na kando yake kuna wekundu, hali ni mbaya. Usipoliona, bado nendeni.

Nendeni leo hii, hospitali ya Ligula kule Mtwara au penye daktari wa macho karibu zaidi. Mapokezi anza na neno hili: "Alipasuliwa presha ya macho." Bebeni chupa za dawa zake zote. Na tafadhali, msimtie maziwa ya mama, maji ya majani wala matone ya kuazima kwa jirani.